Kompyuta yangu inajisasisha bila ruhusa na kumaliza bando: nizime masasisho yote?

"Salaam, mtaalamu. Nina kompyuta mpakato ya Windows 11 tunayoitumia nyumbani, mimi kwa hesabu za duka na watoto kwa masomo yao. Hatuna intaneti ya waya, kwa hiyo ninawasha hotspoti ya simu. Bando la wiki linakwisha siku ya pili au ya tatu hata kama hakuna aliyetazama video. Fundi wa mtaani alinizimia huduma ya masasisho, lakini baada ya siku chache nikaikuta imejiwasha yenyewe, na usiku mmoja kompyuta ikazima na kuwaka upya nikiwa sijahifadhi kazi. Isitoshe, kuna kidirisha cha Java kinachoniomba nisasishe karibu kila siku, na kingine kinachojitokeza pembeni kikisema draiva 37 za kompyuta yangu zimepitwa na wakati na kwamba nilipie ili zisasishwe. Je, hivi ni virusi? Na je, ipo njia ya kuzima masasisho yote yasirudi tena?"

Salaam na kwako, ndugu msomaji, na asante kwa kueleza jambo lako kwa kina, kwa sababu maelezo hayo yananisaidia kutenganisha mambo matatu ambayo yamekufikia kama kero moja. Kuna Windows inayojisasisha, kuna kisasishaji cha programu ya pembeni, isiyo ya Microsoft, yaani Java, na kuna kidirisha kinachotaka fedha. Huduma iliyojiwasha baada ya kuzimwa na fundi si kirusi; imefanya kile ilichoundwa kufanya. Kidirisha cha Java yamkini ni halali, ila huenda programu yenyewe huihitaji. Cha draiva 37 ndicho ninachokitilia shaka. Kuhusu kuzima masasisho yote yasirudi tena, sikushauri ufanye hivyo, lakini hilo halikuachi mikono mitupu: wewe ndiye mwenye uwezo wa kuamua yapakuliwe lini, kwa bando lipi, na kompyuta iwake upya saa ngapi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fundi.

Tuanze na huduma iliyofufuka. Ndani ya Windows kuna programu nyingi zisizo na dirisha wala kitufe, zinazofanya kazi kimyakimya tangu kompyuta inapowaka. Hizo ndizo huitwa huduma. Mojawapo ni "Windows Update", na bila shaka ndiyo aliyoizima fundi wako. Lakini tangu enzi za Windows 10, Microsoft iliongeza huduma ya pili iitwayo "Windows Update Medic Service", ambayo kazi yake ni kukagua kama vipengele vya kusasisha viko salama na kuvitengeneza vikiharibika. Huduma hii haina namna ya kujua kama mwenzake amezimwa na mwenye kompyuta au na programu hasidi, na programu hasidi nyingi zikishaingia hukimbilia kuzima masasisho na kinga. Kwa hiyo inachukulia kwamba pana hitilafu, na inairekebisha. Wapo wanaoendelea na vita hivyo kwa kuhariri sajili ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake ya ndani, au kwa kupakua vijiprogramu vinavyoahidi kuzima kila kitu. Nimeona kompyuta za namna hiyo mezani kwangu: siku mwenyewe anapotaka kusasisha, anakuta njia zote zimezibwa na hakumbuki nani alifanya nini.

Kwa nini Microsoft ing'ang'anie kiasi hicho? Tarehe 14 Machi 2017 ilitoa sasisho la kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta kushirikiana faili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu hasidi iliyojulikana kama WannaCry ilianza kusambaa duniani kupitia tundu hilohilo, ikawafungia watu faili zao na kudai malipo ya bitcoin. Iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, na huko Uingereza hospitali zikalazimika kufuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Haikuhitaji mtu abofye kiungo wala afungue barua pepe. Ilitosha kompyuta isiyosasishwa iweze kufikiwa kupitia mtandao. Sasisho la kuizuia lilikuwa limekwisha kutolewa karibu miezi miwili kabla. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii: sasisho likishatoka, wahalifu nao hulipakua, hulinganisha faili mpya na za zamani, na kwa njia hiyo hugundua tundu lilikuwa wapi. Kompyuta isiyosasishwa, kwa hiyo, inakuwa hatarini zaidi baada ya sasisho kutolewa kuliko ilivyokuwa kabla.

Hata hivyo, wanaolalamikia masasisho hawasemi uongo. Mwanzoni mwa Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10, na ndani ya siku chache ikalazimika kulisimamisha kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta nyaraka na picha zao zimefutwa. Toleo hilo lilirudishwa katikati ya Novemba. Matukio madogo zaidi, kama printa kukataa kuchapa au sauti kupotea, hutokea mara kwa mara. Ndiyo maana mimi siko upande wa wale wanaosema kila sasisho lipokelewe saa ileile linapotoka. Kwa kompyuta ya nyumbani, kusubiri wiki moja hivi baada ya sasisho la mwezi kutoka ni jambo la busara, kwa kuwa kasoro kubwa huwa zimeshajulikana. Kusubiri miezi mitatu si busara tena. Toleo jipya la Windows linalotoka kila mwaka, ambalo ni zito zaidi, unaweza kuliacha kwa muda mrefu, kwani kwa kawaida huwa ni hiari mpaka toleo ulilo nalo likaribie mwisho wa muda wake wa kuhudumiwa, ambao kwa Windows 11 ya nyumbani ni miezi 24. Na hesabu za duka lako ziwe na nakala mahali pengine, kwenye diski ya nje au flashi unayoichomoa na kuiweka kabatini, iwe unasasisha au husasishi.

Sasa tuje kwenye bando, ambalo nadhani ndilo linalokuuma zaidi. Masasisho ya usalama ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki hutoka saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani. Sasisho moja la mwezi mara nyingi ni mamia ya megabaiti, na wakati mwingine hupita gigabaiti. Tazama kumbukumbu zako za kununua bando: kama linakwisha ghafla katikati ya mwezi na siku nyingine linadumu, mshukiwa wako ni huyo. Kama linakwisha haraka kila wiki, bila kujali tarehe, basi sasisho la Windows haliwezi kuwa sababu pekee, na itabidi tuangalie kwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuzima chochote, pima. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini. Fungua "Settings", ingia "Network & internet", kisha "Advanced network settings", halafu "Data usage". Hapo utaona orodha ya programu na kiasi cha data ambacho kila moja imetumia. Mara nyingi watu hushangaa. Kivinjari ndicho huwa juu, kwa sababu ukurasa wenye matangazo ya video hula data hata kama mtu anasoma maandishi tu, na mara nyingine ni OneDrive, ambayo hupandisha picha na nyaraka zote mtandaoni bila mwenye kompyuta kukumbuka kwamba alikubali siku ya kwanza ya kuiwasha. Kwenye ukurasa wa "Windows Update", ndani ya "Advanced options", kuna pia sehemu iitwayo "Delivery Optimization", na chini yake "Activity monitor", inayoonyesha ni kiasi gani cha masasisho kimepakuliwa tangu mwezi uanze na, jambo ambalo wengi hawalijui, ni kiasi gani kompyuta yako imewapandishia wengine. Naam, Windows inaweza kuchukua vipande vya masasisho kutoka kompyuta za watu wengine na kuwagawia wengine vya kwako. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye intaneti isiyopimwa, lakini kwako wewe unayelipia kila megabaiti hauna faida. Zima swichi ya "Allow downloads from other devices". Kama una kompyuta zaidi ya moja nyumbani, iache lakini chagua vifaa vya mtandao wako wa ndani peke yake.

Kiini cha tatizo lako, hata hivyo, ni kwamba hotspoti ya simu inaonekana kwa Windows kama Wi-Fi nyingine yoyote. Kompyuta mara nyingi haitambui kwamba nyuma ya ule mtandao kuna bando lenye ukomo, kwa hiyo inapakua kana kwamba imeunganishwa na waya wa ofisini. Ni lazima uiambie. Unganisha hotspoti, ingia "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", bonyeza sifa ("properties") za mtandao huo, kisha washa "Metered connection". Kuanzia hapo Windows itaacha kupakua yenyewe sehemu kubwa ya masasisho, itasitisha kugawiana na kompyuta nyingine za kwenye intaneti, na OneDrive nayo itasimama. Hakikisha pia kwamba katika "Advanced options" za "Windows Update" ile swichi inayoruhusu kupakua kupitia miunganisho ya namna hiyo imezimwa.

Zipo tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba mpangilio huo unafuata jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, au mke, mume au mtoto akiunganisha kompyuta kwa simu yake, Windows itauona kama mtandao mpya usio na ukomo na kuanza kupakua tena. Ninashuku kwamba katika nyumba nyingi wanaosema "niliweka lakini haikufanya kazi", hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ya pili ni kwamba Microsoft imejiachia nafasi ya kupitisha masasisho machache ya lazima hata kwa muunganisho uliopimwa, na programu za watengenezaji wengine hazilazimiki kuuheshimu mpangilio huo. Utapunguza sana matumizi, lakini hutayamaliza yote.

Ukishaziba hapo, ni juu yako kuchagua siku ya kusasisha, na usipoichagua utakuwa umefanya kilekile ambacho fundi alikusudia, ila kwa njia nyingine. Chagua siku moja kwa mwezi, wiki moja baada ya ile Jumanne ya pili. Kama mtandao wako wa simu unauza bando la usiku kwa bei nafuu, litumie kwa kazi hiyo; kama una Wi-Fi ya kuaminika kazini au chuoni, peleka kompyuta huko na chaja yake. Fungua "Windows Update", bonyeza kitufe cha kupakua, uiache imalize. Masasisho ya mwezi hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia, kwa hiyo ukiruka mwezi mmoja hutalazimika kupakua mawili. Yale yanayoitwa ya hiari, yanayotoka mwishoni mwa mwezi kama majaribio, achana nayo, na swichi ya "Get the latest updates as soon as they're available" iache imezimwa.

Kama uko safarini au unafunga hesabu za mwaka na hutaki usumbufu wowote, tumia "Pause updates" ambayo inakuruhusu kusitisha kwa hadi wiki 5. Muda ukiisha utatakiwa kusasisha kwanza kabla ya kusitisha tena. Kuhusu kompyuta kuwaka upya usiku ukiwa hujahifadhi kazi, tatizo ni saa za matumizi. Windows huwa na muda inaouita "Active hours", ambao ndani yake haijiwashi upya, na isipoambiwa hujikisia yenyewe. Uweke kwa mkono. Kiwango cha juu ni saa 18, kwa hiyo ukianza saa kumi na mbili asubuhi unaweza kujilinda mpaka saa sita usiku. Washa pia swichi inayokujulisha pale kompyuta inapohitaji kuwashwa upya. Na kama Windows yako ni toleo la Pro badala ya Home, unacho chombo cha ziada, "Group Policy Editor", ambacho ndani yake unaweza kuamuru kwamba kompyuta ikuarifu kwanza kabla ya kupakua. Toleo la Home halina chombo hicho, na maelekezo mengi ya mtandaoni yanayokitaja bila kusema hivyo huwapotezea watu muda.

Sasa visasishaji vya programu nyingine, ambavyo vina historia yake. Kwenye simu umezoea kwamba programu zote zinasasishwa kutoka duka moja. Windows kwa miaka mingi haikuwa na duka la namna hiyo, na ilikuwa ikisasisha bidhaa za Microsoft tu, kwa hiyo kila mtengenezaji alilazimika kubuni kisasishaji chake na kukiingiza kwenye kompyuta yako pamoja na programu uliyoitaka. Ukiwa na programu kumi na tano, huenda una visasishaji vinane, na kila kimoja kinapiga hodi kwa seva yake, yaani kompyuta ya mtengenezaji wake iliyoko mtandaoni, kwa ratiba yake. Hujificha katika sehemu tatu. Baadhi vimo kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, na hizo unaziona kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kisha kuchagua "Startup apps". Vingine ni huduma, kama "Adobe Acrobat Update Service" au "Mozilla Maintenance Service". Vingine vimewekwa katika "Task Scheduler", yaani ratiba ya Windows ya kazi za kujiendesha, na ndiyo maana mtu huondoa kitu kwenye orodha ya kwanza na bado kikajitokeza kesho yake.

Usivizime vyote kwa hasira. Kanuni ninayoitumia ni kuuliza: je, programu hii hufungua vitu vinavyotoka kwa watu nisiowajua? Kivinjari hufungua kurasa za kila aina, kisoma PDF hufungua viambatanisho, Word na Excel hufungua faili za watu, na kinga ya virusi hukagua hayo yote. Hivyo viache vijisasishe. Chrome, kwa mfano, hupokea marekebisho ya usalama karibu kila wiki, na kivinjari cha miezi sita iliyopita ni hatari kuliko printa ya miaka sita iliyopita. Lakini kisasishaji cha printa, cha kamera, cha kichezea muziki au cha mchezo ambao mtoto aliucheza mara moja likizo iliyopita hakina sababu ya kuamka kila asubuhi. Zima katika "Startup apps", na kama programu yenyewe huitumii, iondoe kabisa, kwa sababu ukiiondoa kisasishaji chake kwa kawaida huondoka nayo.

Java, ambayo kazi yake ni kuwezesha programu nyingine zilizoandikwa kwa lugha ya Java ziendeshwe, iko katika kundi hilo la mwisho. Zamani kurasa nyingi za intaneti zilihitaji Java ndani ya kivinjari. Siku hizi vivinjari vikuu haviitumii tena, na nyumba nyingi zimebaki nayo bila sababu. Isipokuwa una programu mahususi ya kazini au ya uhasibu inayoihitaji, na mwuzaji wake atakuambia ukimwuliza, ingia "Settings", "Apps", "Installed apps" na uiondoe. Tazama kama imeorodheshwa zaidi ya mara moja. Kwa miaka mingi masasisho ya Java yaliweka toleo jipya na kuyaacha ya zamani, yenye matundu, yakiwa bado ndani ya kompyuta, hata mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikamshtaki mmiliki wake, kampuni ya Oracle, kwa kuwaambia watumiaji kwamba wako salama ilhali matoleo hayo yalikuwa hayajaondolewa. Yaondoe yote. Ukiwa unaihitaji kweli, basi kisasishaji chake ni halali, na utakitambua hivi: Windows inapokuomba ruhusa kabla ya kusasisha, soma mstari unaotaja mchapishaji. Ukiona "Verified publisher" na jina la Oracle, sahihi ya kidijitali, yaani muhuri unaoonyesha programu imetoka kwa nani, imethibitishwa. Ukiona "Unknown", kataa.

Kuhusu mfumo wa kusasisha programu za pembeni kwa pamoja, Windows 11 inacho chombo ambacho watu wachache hukijua. Fungua "Terminal", dirisha la kuandikia amri, andika winget upgrade na ubonyeze Enter. Utaonyeshwa orodha ya programu zako zenye toleo jipya, na hakuna programu itakayopakuliwa mpaka uamuru. Ukitaka zote unaandika winget upgrade --all, na ukitaka moja unataja jina lake. Mimi huipendekeza kwa watu wenye bando, kwa sababu siku yao ya kusasisha wanaikamilisha kwa amri moja badala ya kujibizana na vidirisha mwezi mzima.

Kupunguza visasishaji kuna faida nyingine isiyohusu data. Kisasishaji ni programu yenye mamlaka makubwa: inaruhusiwa kubadilisha faili za kompyuta bila kukuuliza, na unachokiamini hasa ni kampuni iliyo upande wa pili. Mwaka 2017 wahalifu waliingia katika mifumo iliyokuwa ikitengeneza CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta inayotumiwa sana majumbani, wakapandikiza msimbo hasidi ndani ya toleo halali lenye sahihi halali. Watu wapatao milioni 2.27 waliliweka kabla halijagunduliwa mwezi Septemba. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Hili silitaji ili uogope kusasisha kivinjari. Ninalitaja kwa sababu kila programu usiyoihitaji ni kampuni moja zaidi unayoikabidhi ufunguo.

Nimefika kwenye draiva 37. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa fulani, kama kadi ya Wi-Fi au kibodi. Draiva ya mwaka 2019 inayofanya kazi vizuri haina ubovu kwa sababu tu ni ya mwaka 2019; kibodi yako haijabadilika tangu wakati huo. Windows Update yenyewe huleta draiva bure, na mtengenezaji wa kompyuta yako huziweka kwenye tovuti yake bure pia. Anayekuonyesha idadi ya kutisha yenye rangi nyekundu kisha akakuomba malipo anakuuzia hofu. Namba hizo za kutisha si lazima ziwe zimetokana na uchunguzi wowote. Mwaka 2019 kampuni mbili za Marekani, Office Depot na Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza shauri la tume ileile niliyoitaja, iliyodai kwamba programu yao ya kukagua kompyuta za wateja ilikuwa ikitangaza dalili za maambukizi kwa sababu tu mteja alijibu ndiyo kwa swali mojawapo kabla ya ukaguzi. Hizo ni kampuni zinazojulikana, fikiria zisizojulikana.

Kwa hiyo usilipe. Tazama kwanza kidirisha hicho kinatoka wapi. Kikijitokeza kwenye kona ya chini kulia kikiwa na jina la kivinjari na anwani ya tovuti, basi si programu kabisa bali ni arifa za tovuti ambayo mtu mmoja hapo nyumbani, pengine akitafuta filamu au mpira wa bure, aliiruhusu kwa kubofya "Allow". Katika Chrome ingia "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", ukaiondoe tovuti hiyo kwenye orodha, na kero itakoma papo hapo. Kama ni programu kamili, itafute katika "Installed apps" kwa kupanga orodha kwa tarehe ya kuwekwa, iondoe, kisha uendeshe ukaguzi kamili kwa kinga ya Windows yenyewe, Microsoft Defender. Waeleze watoto pia kwamba ukurasa wa intaneti unaosema "sasisha kivinjari chako hapa" au "sasisha Flash Player" ni ulaghai: Flash, programu ya zamani ya kuonyesha video na michezo ndani ya kivinjari, ilisitishwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020 na haina sasisho lolote la kupokea, na kivinjari hujisasisha kupitia menyu yake chenyewe.

Swali moja hukuliuliza, lakini ningependa ujiulize. Je, Windows yako ni halali? Katika mitaa yetu kompyuta nyingi hukabidhiwa kwa mteja zikiwa na Windows au Office iliyofunguliwa kwa kijiprogramu cha kuvunja leseni, na fundi huzima masasisho ili kazi yake isibatilike. Mara nyingi kijiprogramu hicho hutaka Defender izimwe kwanza, na hapo hakuna anayeweza kukuhakikishia ni nini kingine kilichoingia. Simhukumu fundi wako. Mwulize tu waziwazi, bila ugomvi, na umwombe arudishe kila alichokizima. Na kama kuna msomaji mwingine mwenye Windows 10, ajue kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026, lakini kompyuta ambayo haimo katika mpango huo ikitulia bila kuomba kusasishwa, utulivu huo si wa kufurahia.

Mengi ya hayo utayafanya mwenyewe jioni moja. Mtafute fundi wa kuaminika, ana kwa ana, ukiona mojawapo ya haya: Defender imezimwa na inakataa kuwaka; ukurasa wa "Windows Update" unasema baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako ilhali kompyuta ni ya nyumbani; sasisho lilelile linashindwa kila mwezi kwa msimbo wa kosa hata baada ya kupunguza faili na kuacha nafasi ya kutosha kwenye diski; au kidirisha cha draiva kinarudi baada ya kukiondoa. Kama ulikwisha kulipia, au mtu alikupigia simu na ukamruhusu kuingia kwenye kompyuta yako kutoka mbali, usisubiri fundi: ikate kompyuta kwenye intaneti, wasiliana na benki au kampuni ya huduma ya fedha kwa simu leo hiihii, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine. Unapokwenda kwa fundi, toa kwanza nakala ya hesabu za duka, chukua chaja, kaa naye akifanya kazi kama inawezekana, andika wewe mwenyewe nywila pale inapohitajika badala ya kumtajia, na umwombe akuandikie kwenye karatasi kila huduma aliyoizima na kila programu aliyoiweka.